Protini Zinaposhikana Vibaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Protini na Saratani

Maswali haya ni yale ambayo wagonjwa na jamaa zao hapa Nairobi huuliza wakishapokea ripoti ya patholojia. Huyauliza kwenye foleni ya kliniki, kwenye kundi la WhatsApp la familia, na mara nyingi kwa yule binamu mmoja aliyesomea bayolojia. Majibu yanaeleza jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya seli. Uamuzi wa matibabu utabaki kati yako na daktari wako.

Protini mnazozungumzia ndizo zile za nyama na maharagwe?

Hapana. Protini unayokula huvunjwa tumboni na kwenye utumbo mpaka ikabaki asidi amino. Kila seli huzichukua asidi amino hizo na kujenga protini zake yenyewe kwa kufuata maagizo ya jeni. Tunazozungumzia hapa ni hizo za ndani: zinazopokea ujumbe, zinazokarabati DNA, zinazoamua kama seli igawanyike au ife.

Kuacha nyama, mayai au ndengu hakupunguzi hata bonge moja la protini kwenye uvimbe. Nalitanguliza hili kwa sababu wapo wagonjwa wanaosikia neno "protini" wakaanza kujinyima chakula katikati ya kemo, wakati ambapo mwili unakonda na unahitaji kujengwa upya. Kula omena, mayai, maziwa, githeri. Aliyeathirika figo ndiye anayepaswa kupimiwa kiasi, na anayepima ni mtaalamu wa lishe wa hospitali.

Kushikana kwa protini maana yake nini hasa?

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo fulani, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi. Sehemu zisizopenda maji hufichwa ndani. Umbo likilegea, sehemu hizo hujitokeza nje, zikakutana na za protini jirani zilizolegea vilevile, zikang'ang'aniana. Ute wa yai unapogeuka mweupe kwenye maji ya moto, ni tukio hilo hilo mbele ya macho yako: protini zimefunguka, zimeshikana, na hata yai likipoa hazirudi zilivyokuwa.

Huko ndiko kuganda. Lakini si kila kushikana ni ugonjwa. Protini nyingi hazifanyi kazi zikiwa peke yake: baadhi ya vipokezi kwenye utando wa seli hufanya kazi viwili viwili, na p53, ambayo tutaifikia, hufanya kazi nne nne. Kuna pia hali ya katikati, ambapo protini nyingi hujitenga na majimaji ya seli zikawa tone, kama mafuta yanavyojitenga juu ya supu, bila utando wowote wa kulizingira tone hilo. Mwaka 2009 watafiti wa Dresden, Ujerumani, wakichunguza kiinitete cha mnyoo mdogo wa maabara, walionyesha kwamba vitu vilivyodhaniwa kuwa chembe ngumu ndani ya seli vinatiririka na kuungana kama matone. Tangu hapo utafiti wa saratani umejaa matone, pengine kuliko inavyostahili.

Sasa hayo yanaletaje saratani?

Inategemea ni protini gani. Seli inaweza kupoteza mlinzi wake kwa sababu ameganda. Inaweza kupokea amri ya kugawanyika isiyokoma kwa sababu protini za amri zimekusanyika bila kuitwa. Jeni zilizopaswa kulala zinaweza kuamshwa na tone la protini lililotua mahali pasipo pake. Halafu kuna saratani ambazo zenyewe humwaga protini kwenye damu, na protini hizo zikaenda kuganda kwenye figo au moyo.

Ushahidi wa njia hizi haulingani. Ulio imara kabisa uko kwenye lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya matiti yenye HER2, na mieloma, ambazo zote tutazifikia. Habari za p53 iliyoganda ndizo zinazosomwa sana mtandaoni, na ndizo zenye mabishano makubwa zaidi.

p53 ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni protini inayosimamisha seli yenye DNA iliyoharibika ili ikarabatiwe, au kuiamuru ife kama haikarabatiki. Iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa ya watafiti, kila moja likifanya kazi kivyake. Kwa karibu miaka kumi ilidhaniwa kuwa inachochea saratani, kwa sababu jeni zilizokuwa zikitumika maabara zilikuwa tayari zimeharibika. Leo tunajua kwamba takriban nusu ya saratani za binadamu zina jeni ya p53 iliyobadilika. (Binadamu hurithi nakala moja ya jeni hii kutoka kwa kila mzazi. Ndovu wa Afrika hurithi zipatazo 20 kutoka kwa kila mzazi, ingawa nyingi ni nakala pungufu, na ndovu hawafi sana kwa saratani licha ya ukubwa wao.)

p53 ina udhaifu wa kimaumbile: sehemu yake ya katikati, inayoshika DNA, si imara sana hata kwenye joto la kawaida la mwili. Badilisha asidi amino moja tu mahali pabaya, nayo inalegea. Mabadiliko mengine huharibu tu pale inaposhikia DNA. Mengine huitikisa protini nzima mpaka kipande kilichokuwa kimefichwa ndani, kuanzia karibu na asidi amino ya 251, kikajitokeza. Kipande hicho kinanata.

Hesabu ya wanne inaleta hasara kubwa. Chukua seli ambayo nusu ya p53 zake ni nzima na nusu ni mbovu, nazo zinachanganyika ovyo katika makundi ya wanne. Ni kundi 1 tu kati ya 16 litakalokuwa na nzima watupu. Kwa hiyo jeni moja mbovu huweza kulemaza karibu kazi yote kabla hata hatujataja kuganda. Mwaka 2011 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliongeza jambo jingine: p53 mbovu iliyoganda huweza kuburuta hadi p63 na p73, ndugu zake wawili ambao jeni zao hazina kasoro yoyote.

Je, mabonge ndiyo yanayoleta saratani, au ni uchafu unaobaki baada ya p53 kuharibika? Wataalamu hawajakubaliana. Kwa maoni yangu, makundi ya wanne yaliyochanganyika yanaeleza sehemu kubwa ya madhara, na mabonge yanaeleza kwa nini baadhi ya uvimbe ni mkaidi kuliko mwingine. Anayekuambia kwamba saratani yote ni ugonjwa wa protini kuganda anaruka hatua nyingi.

Ripoti yangu inasema p53 imepaka rangi kwa nguvu. Ina maana protini yangu imeganda?

Hapana, na hili ndilo swali linalowachanganya watu kuliko yote.

Maabara huchukua kipande chembamba cha uvimbe na kukiwekea kingamwili inayoitafuta p53. Palipo na p53 panakuwa rangi ya kahawia. Katika seli nzima p53 haikai: huundwa na kuvunjwa ndani ya dakika chache, kazi ya protini nyingine iitwayo MDM2. Ndiyo maana uvimbe wenye p53 ya kawaida huonyesha madoa hapa na pale, hafifu na ya viwango tofauti. p53 iliyobadilika mara nyingi haivunjwi, hivyo hurundikana kwenye kiini cha seli na karibu kila seli ya saratani ikawa kahawia nzito. Hiyo ndiyo "kupaka kwa nguvu".

Kurundikana ni wingi tu. Protini inaweza kuwa nyingi huku kila moja ikiogelea peke yake. Rangi hii ya kawaida haitofautishi iliyoganda na isiyoganda. Kingamwili zinazotambua mabonge zipo, lakini ni za maabara za utafiti.

Kuna mtego wa pili. Uvimbe ambao hauna rangi hata kidogo, huku seli za kawaida zilizo kando yake zina madoa, nao si mzima: mara nyingi jeni imevunjika kiasi kwamba protini haiundwi kabisa. Mwanapatholojia huandika kwamba matokeo si ya kawaida. Jamaa akisoma neno "hasi" anashangilia, na hapana cha kushangilia. Mwambie daktari akueleze ni mtindo upi kati ya hiyo mitatu, kisha umuulize kama unabadilisha matibabu yako. Kwa saratani nyingi hubadilisha tu jina kamili la ugonjwa au makadirio ya mwendo wake. Kwa saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba, unaweza kubadilisha mpango wenyewe wa tiba.

Unga wenye aflatoksini unahusika vipi?

Hapa hadithi ya p53 inafika jikoni kwetu. Aflatoksini ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa ini kuharibika ghafla. Hao waliuawa na dozi kubwa. Dozi ndogo ndogo za miaka mingi hufanya kazi nyingine.

Ini likijaribu kuiondoa aflatoksini B1, huigeuza kuwa kemikali kali inayojibandika kwenye DNA. Mojawapo ya mahali inapopenda kujibandika ni kwenye jeni ya p53, kwenye herufi zinazoamua asidi amino ya 249. Arjinini hubadilika kuwa serini, umbo la protini linatikisika, na kushika DNA kunakuwa kugumu. Alama hii ya 249 huonekana sana kwenye saratani za ini za watu wa maeneo yenye aflatoksini nyingi, kiasi kwamba mtafiti akiiona anaweza kukisia mgonjwa amekula nini. Mwenye homa ya ini aina ya B huathirika zaidi, kwa sababu hatari mbili hizo huongezana nguvu.

Kiwango kinachoruhusiwa nchini kwenye mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja. Kupika ugali hakuiondoi, kwani sumu hii hustahimili moto wa jikoni. Mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kuwekwa gunia, yenye ukungu yatupwe (yasipelekewe ng'ombe wala kuku, maana sumu hurudi kwenye maziwa), na mtoto apate chanjo ya homa ya ini B, ambayo imo kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini.

Saratani ya mlango wa kizazi nayo ni p53 iliyoganda?

Kwa kawaida hapana. Virusi vya HPV vina protini iitwayo E6 inayoikamata p53 nzima na kuipeleka ikavunjwe. Mlinzi haharibiki, anaondolewa. Kwa hiyo dawa ya kuyeyusha mabonge ya p53, hata ingekuwepo, isingekuwa na cha kuyeyusha hapo. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 nchini Oktoba 2019, na inazuia hatua ya kwanza kabisa ya mchezo huu.

HER2 ni nini, na "3+" ni nini?

HER2 ni kipokezi kilichokaa kwenye utando wa seli. Ndugu zake hungoja ujumbe kutoka nje, na ujumbe ukifika hujikunjua vikashikana viwili viwili. Hapo mikia yao ya ndani huwashana na seli hupata amri ya kukua. HER2 ni ya ajabu kidogo: haina ujumbe wake inaoujua mtu yeyote, na mkono wake wa kushikia uko wazi wakati wote. Ikiwa chache, hungoja ndugu. Jeni yake ikinakiliwa kupita kiasi, utando hujaa HER2, nazo hukutana zenyewe kwa zenyewe, amri ikawa haikomi. Kati ya saratani 100 za matiti, 15 hadi 20 hivi ziko hivyo.

Kwenye ripoti, 0 na 1+ si HER2 nyingi, 3+ ni nyingi, na 2+ ni "hatujui, hesabu jeni zenyewe". Kipimo hicho cha pili cha kuhesabu jeni kina gharama yake, na familia nyingi huishia kukiahirisha. Nashauri kisiahirishwe, kwa sababu 2+ bila kipimo cha pili ni ripoti isiyokamilika, na dawa nzito haitolewi kwa kubahatisha.

Dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hujishika kwenye HER2 karibu na utando. Pertuzumabu, ya mwaka 2012, hujishika moja kwa moja kwenye ule mkono wa kushikia, ili HER2 isipate mwenzake. Katika maelezo yote ya ukurasa huu, hii ndiyo dawa inayoonyesha wazi zaidi kwamba ukizuia protini kushikana unaweza kurefusha maisha ya mtu. Kabla ya kuanza, uliza idara ya hospitali inayoshughulikia SHA (bima ya afya ya serikali) ni dozi ngapi zinalipiwa, kwa kuwa tiba hii huenda kwa miezi mingi.

Na lukemia sugu ya mieloidi?

Vipande vya kromosomu 9 na 22 hubadilishana mahali, na jeni mbili zikaungana kuwa moja iitwayo BCR-ABL. Kromosomu hiyo fupi ilionekana kwanza mwaka 1960 mjini Philadelphia, nayo ikapewa jina la mji huo. ABL peke yake ni kimeng'enya kilichoshikiliwa na breki. BCR huleta kipande kinachopenda kujisokota na wenzake, kikakusanya BCR-ABL nne pamoja, zikawashana, breki ikaachia. Watafiti walipokikata kipande hicho, protini ilipoteza uwezo wa kuzigeuza seli kuwa za saratani. Imatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2001, haivunji kundi la wanne. Huziba mfuko ambamo kimeng'enya hupata nguvu zake, na hiyo imetosha kuugeuza ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache kuwa ugonjwa wa kumeza tembe kila siku.

Matone ya protini yanahusika na saratani za watoto?

Ndiyo, hasa zile zenye jeni mbili zilizoungana. Sakoma ya Ewing, inayoshika mifupa ya watoto na vijana, mara nyingi hutokana na mkia unaonata wa protini EWS kuunganishwa na protini FLI1 inayoshika DNA. FLI1 inajua pa kwenda, EWS inajua kukusanya wenzake, na matokeo ni vishada vya protini vinavyowasha jeni zilizopaswa kulala. Kwenye baadhi ya uvimbe wa Wilms wa figo za watoto, mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba protini ENL iliyobadilika hujikusanya kupita kiasi juu ya DNA na kuzuia seli za figo zisikomae.

Haya bado hayajabadilisha matibabu. Mtoto mwenye uvimbe wa Wilms anatibiwa kwa upasuaji na dawa za kemo zilizojulikana miaka mingi, na akifikishwa hospitali mapema hupona mara nyingi. Mzazi anayehisi uvimbe tumboni mwa mtoto wakati wa kumwogesha asiukandekande, ampeleke hospitali.

Baba ana mieloma na figo zake zimeharibika. Uhusiano ni upi?

Mieloma ni saratani ya seli za plazma ndani ya uboho, zile ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Zikiwa saratani hutengeneza kingamwili ya aina moja bila kikomo, na mara nyingi humwaga vipande vyake vyepesi kwenye damu. Vipande hivyo ni vidogo, hupenya chujio la figo. Kwenye mirija ya figo hukutana na protini ya kawaida ya mkojo, hushikana nayo, na kuganda kuwa vizibo. Figo zinaziba kutoka ndani.

Mwaka 1845 daktari Henry Bence Jones wa London aliletewa mkojo wa mgonjwa mwenye maumivu ya mifupa. Ukipashwa joto, uliganda. Ukichemka kabisa, uliyeyuka tena. Tabia hiyo ni ya vipande hivi vyepesi, na vinaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Kuna mambo mawili ambayo familia za Nairobi zinapaswa kuyajua. La kwanza, kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hutafuta albumini, na vipande vyepesi hukipita bila kuonekana. Kijiti safi hakimaanishi mkojo safi. Vipimo vinavyofaa ni vya kutenganisha protini za damu na mkojo kwa umeme, na cha kuhesabu vipande vyepesi huru kwenye damu. La pili ni dawa za maumivu. Mgonjwa wa mieloma huanza na mgongo usiopoa, na mgongo wa mtu mzima hapa mjini hutibiwa kwa diklofenaki au ibuprofeni kutoka duka la dawa, mwezi baada ya mwezi. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo na kuharakisha vizibo. Mgongo unaouma wiki kadhaa kwa mtu mzima, ukiambatana na upungufu wa damu, uchovu au homa za mapafu za mara kwa mara, ni mgongo wa kupimiwa damu.

Kwa wagonjwa 10 hadi 15 kati ya 100 wa mieloma, vipande vyepesi huganda kwa namna nyingine: hujipanga kuwa nyuzi ndefu ziitwazo amiloidi, zikatanda kwenye moyo, figo, ulimi au neva. Miguu huvimba, mkojo hutoa povu, ngozi ya kope hupata michubuko bila kugongwa, ulimi huwa mnene. Mwanapatholojia huzitambua kwa rangi nyekundu ya Kongo: chini ya hadubini yenye mwanga uliochujwa, nyuzi hung'aa kijani. Ni mojawapo ya vitu vizuri kutazama kwenye kazi hii, ingawa mwenye kipande hicho hana sababu ya kufurahi.

Dawa ya mieloma iitwayo bortezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, inautumia wingi huo huo wa protini. Seli ya plazma hutengeneza protini nyingi mno, hivyo inategemea mno proteasomu, mashine ya kuvunja protini mbovu. Bortezomibu huisimamisha mashine. Taka za protini hujaa ndani ya seli mpaka ikafa.

Protini zikiganda kwenye ubongo ni Alzheimer. Je, mwenye saratani atapata Alzheimer?

Haifuati. Protini zinazoganda si hizo hizo, na seli zinazoathirika hufanya mambo yaliyo kinyume: neva hufa, seli za saratani hukataa kufa. Tafiti za kufuatilia watu wengi zimeona mara kwa mara kwamba wenye ugonjwa mmoja hupata mwingine kwa uchache kidogo, lakini takwimu za namna hiyo zina mitego, kwa mfano kwamba aliyekufa kwa saratani hakuishi hadi umri wa kupoteza kumbukumbu.

Nimesoma kwamba p53 iliyoganda hufanya kama prioni (protini mbovu inayowaambukiza wenzake umbo lake). Nitaambukizwa nikimuuguza shangazi?

Huwezi. Katika sahani za maabara, p53 iliyoganda imeonekana ikiingia kwenye seli jirani na kuzigandisha p53 zake. Hiyo ni seli kwa seli. Kulisha, kuogesha, kulala chumba kimoja na mgonjwa, kutumia kikombe chake, hakuna kinachokuambukiza saratani yake. Tahadhari unayopewa na wauguzi wakati wa kemo, kama kuvaa glavu ukishika mkojo au matapishi yake, ni kwa sababu ya dawa iliyomo.

Kuna dawa ya kuyeyusha mabonge?

Ya kuyeyusha p53 iliyoganda, iliyoidhinishwa na inayouzwa, hakuna. Mwaka 2016 watafiti wa Los Angeles walitengeneza kipande kifupi cha protini kinachojiziba kwenye ile sehemu inayonata, na seli za saratani ya ovari zenye p53 mbovu zikafa, maabara na ndani ya panya. Kuna dawa nyingine inayojaza shimo linalobaki p53 inapobadilika kwenye asidi amino ya 220, ili umbo lisimame tena. Iko kwenye majaribio ya binadamu. Nyingine, eprenetapopti, ilitarajiwa sana, na mwishoni mwa 2020 jaribio lake kubwa kwa wagonjwa wa uboho halikufikia lengo.

Lakini kuna tiba inayofanya kinyume, nayo inaponya. Katika lukemia kali ya promielositi, protini PML huunganishwa na kipokezi cha vitamini A, na vishada vya kawaida vya PML ndani ya kiini hutawanyika. Arseniki, ikitolewa kwa dozi ya hospitali, hujishika kwenye PML na kuirudisha kwenye vishada, kisha protini mbovu huvunjwa na proteasomu. Ikitolewa pamoja na asidi ya retinoiki, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 wenye hatari ndogo hupona. Arseniki ile ile nje ya hospitali ni sumu, kwa hiyo usiitafute kwa mganga.

Manjano? Unga wa detoksi?

Kemikali ya manjano huvuruga kuganda kwa protini kwenye mirija ya kioo. Mwilini hunyonywa kidogo sana, na kidogo kinachonyonywa huondolewa upesi. Weka manjano kwenye pilau ukipenda. Tembe za dozi kubwa mwambie daktari kabla, kwa sababu zinaweza kuingiliana na dawa zako. Unga wa "kuyeyusha uvimbe" unaouzwa kwa video za simu hauyeyushi chochote, na baadhi huharibu ini lile lile linalopaswa kuhimili kemo.

Tunapeleka sampuli Nairobi kutoka hospitali ya kaunti. Ishughulikiwe vipi?

Vipimo vyote vya p53 na HER2 vinategemea kipande kilivyotunzwa saa za kwanza. Kiwe ndani ya formalini ya asilimia 10 yenye bafa, na formalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kisiwekwe kwenye maji, wala spiriti, wala friza. Kwa HER2 ya matiti, muda unaokubalika ndani ya formalini ni saa 6 hadi 72. Kipande kilichotumwa Ijumaa kwa matatu kikakaa stoo hadi Jumatano kimeshapita muda, na rangi inaweza kudanganya. Andika kwenye chupa saa kilipokatwa. Baadaye omba kitunzwe kile kipande cha nta ambamo sampuli imehifadhiwa, maana ndicho kitakachopimwa tena bila mgonjwa kudungwa upya.

Saratani ya mama imerudi kwenye ini miaka kadhaa baadaye. Tutumie ripoti ya zamani ya HER2?

Ombeni ipimwe upya kama daktari anaweza kufikia uvimbe huo kwa usalama. Saratani ya matiti inaporudi, HER2 inaweza kuwa imebadilika, ikaingia au ikatoka, na dawa hufuata kipande cha sasa.